Mchezaji Bora wa Rede wa Ibra

Zawadi ya mchezaji bora wa msimu uliopita tulimpa mtu siye. Nasema hivi bila ya kutafuna maneno, kwa sababu aliyezifanya hesabu mara ya kwanza ni mie, aliyezifanya mara ya pili ni mie huyo huyo, na aliyepewa zawadi ni mama mzazi wa mume wangu. Anayetaka kubisha na aje Ibra, huku Oman, chai ipo na hesabu zipo.

Mchezo wenyewe ni rede. Aliyekulia Unguja au Tabora anaujua: warushaji wawili wanasimama, mmoja huku na mmoja kule, na timu ya pili inakaa katikati kukwepa mpira. Ukipigwa, umetoka. Katikati panawekwa chupa tupu. Mwenye roho ngumu huinama baina ya mpira na mpira akaitia mchanga, na ikijaa akaimwaga, wenziwe wote waliotoka hurudi ndani. Huko tunakuita kuokoa. Mtu anaweza kuwa mzuri wa kukwepa na asiokoe hata mara moja, akawa anajitunza nafsi yake tu kama yai.

Tunacheza wanawake watupu, Ijumaa baada ya laasiri, ndani ya shamba la ukoo wa mume wangu, lenye ukuta mrefu na mitende pembeni. Tunacheza majira ya baridi tu, kwa sababu kiangazi cha Ibra hakina mchezo. Waume hufukuzwa waende wakanywe kahawa kwingine. Wanakuja akina mama waliozaliwa Unguja wakaletwa huku wadogo, tunakuja sie watoto wao tuliozaliwa Oman, na wanakuja mabinti zetu, ambao Kiswahili chao kimejaa Kiarabu hata bibi zao wanawacheka mpaka wanashika mbavu. Mpira anaushona mama mkwe kwa mkono wake, soksi ndani ya soksi. Mpira wa dukani haukubali. Anasema ule hauna akili.

Mie nakula mshahara wa takwimu. Ni mkuu wa kitengo katika idara moja ya serikali hapa Ibra, na mtu akiniambia "watu wengi wanasema", humuuliza wangapi. Ndiyo tabia yangu, walionizoea wamenizoea. Basi msimu uliopita nikawaambia wenzangu, kwa nini tunacheza bure kila mwaka bila ya kumjua aliye bora? Tumtafute, tumpe zawadi. Nikaweka kipimo changu: kila mchezo, atakayebaki wa mwisho katikati nitamtilia alama, na mwenye alama nyingi mwisho wa msimu ndiye. Wakakubali wote. Tukachanga, tukanunua chetezo cha shaba katika souk ya Nizwa, kizuri, kina kifuniko chenye nakshi.

Akashinda mama mkwe. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, kanga kiunoni, miwani puani, ndiye aliyekuwa akibaki wa mwisho karibu kila Ijumaa. Tukapiga vigelegele, akalia kidogo, chetezo kikawekwa sebuleni kwake pembeni ya televisheni. Kila mgeni aliyeingia alisomewa habari yake kabla hajakaa vizuri.

Sasa, katika kundi letu alikuwamo bi harusi mmoja tuliyekuwa tukimwita wa Nizwa. Alikuwa ameolewa na kijana wa mtaa wetu, mwalimu wa chuo, ambaye mama yake alishatangulia mbele ya haki na dada hana. Kwa hivyo msichana aliingia Ibra hana mkwe, hana wifi, hana wa kumsaidia kubeba hata sinia. Kabila lake ni huku huku Oman kwa baba. Lakini alilelewa Tabora na bibi mzaa mama, Mnyamwezi, mpaka akawa mkubwa wa kwenda skuli ya kati, ndipo wazee wake walipohamia Nizwa. Kiswahili chake cha bara, cha "samahani dada" na "hakuna shida". Kila Ijumaa alikuja na kashata za karanga, akacheza, akaaga vizuri, akaenda zake.

Alicheza! Hilo nitalieleza mbele. Ila baada ya kutoa ile zawadi hatukumuona tena. Ramadhani ikapita, Idi zikapita, joto likaja likatuoka. Ilipokaribia baridi, mume wangu akaniambia siku moja kwenye chakula cha mchana kuwa yule mwalimu anatafuta uhamisho.

"Wa wapi?"

"Nizwa. Anasema mkewe hataki tena kukaa Ibra. Yuko kwa mamake sasa hivi, na yeye mume hajui kama atarudi."

Nikalirudisha tonge sahanini. Alaa! Mtoto wa watu amekaa na sie msimu mzima, kisha mji umemshinda? Hapo hapo nikajua sababu, au nilijiona najua, na kwangu mie siku hiyo yalikuwa kitu kimoja. Tumemdhulumu. Yeye ndiye mchezaji bora, kila mwenye macho aliona, tukampa zawadi mama mkwe kwa sababu ya kipimo changu kibovu. Na aliyedhulumiwa dawa yake ni kurudishiwa haki yake. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie rafiki yako asihame. Anipe wiki moja."

Akacheka. "Utamrudisha na nini?"

"Na hesabu," nikamjibu, nikaondoa sahani.

Picha ninazo za msimu mzima. Kila Ijumaa nilikuwa naisimamisha simu yangu juu ya kiti, inarekodi mchezo kutoka mwanzo hadi mwisho, na wenzangu waliridhia kwa sharti kuwa sura zao hazitatoka nje ya simu hiyo. Hazikutoka. Nilikuwa nazitazama kazini, saa ya mapumziko, mgongo wangu umeegemea ukuta, na sauti nimeizima kabisa. Meza ya pili yupo mwanamme, vipi nimsikilizishe kelele za wanawake na matusi yao?

Nikabadilisha kipimo. Kubaki wa mwisho si kitu peke yake. Nilitaka kujua kila mtu alirushiwa mipira mingapi ya kweli, yaani ile iliyokuwa inaelekea mwilini mwake, ilikuja kwa nguvu gani, aliikwepa mingapi, na aliokoa mara ngapi. Siku ya kwanza tu nilishika kichwa.

Mama mkwe hakuwa anarushiwa. Wallahi tena. Mpira ukifika zamu yake unapita pembeni yake kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya mwenye kusali. Yeye anaruka, anajipinda, anashika miwani, na mpira wenyewe uko mbali huko, unakwenda kwenye mitende. Nikatazama warushaji ni nani. Mmoja amesomeshwa na yeye juzuu amma. Wa pili anamwita khalati, maana ni ndugu wa mamake. Wa tatu alimlea alipofiwa. Wa nne mie mwenyewe, mke wa mwanawe, mkono wangu umenyanyuka juu kwa vishindo, halafu mpira unashuka miguuni pake taratibu kama ninampelekea kahawa. Sikumbuki kuwa nilikusudia. Lakini niambieni, mke wa mtu anaweza kumtwanga mama mkwe na mpira wa soksi mbele ya watu? Aka! Mkono wenyewe unakataa.

Zamani wajukuu walikuwa wakimpiga, maana mjukuu na bibi ni utani mtupu. Wajukuu wamekua sasa, wako vyuoni Maskati.

Tazama sasa wifi yangu, dada yake mume wangu. Huyo nikimuona katikati mkono wangu unapata nguvu kutoka mbinguni. Na yeye akiwa mrushaji mie hutoka nina alama pajani. Hayo ndiyo mambo ya wifi na wifi, na mabinamu vile vile.

Na wa Nizwa? Wa Nizwa alirushiwa na wote. Wakubwa, wadogo, kutoka huku na kutoka kule, mipira ya kuua. Hakuna aliyerushiwa mingi kama yeye na hakuna aliyerushiwa kwa nguvu kama yeye, na aliikwepa mingi kuliko mtu yeyote, na akiinama kuitia mchanga chupa huku mpira unampita sikioni. Kuokoa ndiko kabisa: wengi wetu tulioandikiwa kubaki wa mwisho tulikuwa tumeshatoka, tukarudishwa ndani na yeye. Nilizifanya zile hesabu kwa njia hii, nikazifanya kwa njia ile, nikampunguzia yeye na kumuongezea mama mkwe kwa makusudi, na bado hapakuwa na wa kumsogelea. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilijiona hakimu.

Kilichobaki ni kumwambia mwenye chetezo.

Nikamfuata asubuhi ya siku ya mapumziko. Alikuwa jikoni anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sura imekukaza hivyo? Mwanangu amefanya nini?"

"Mwanao hajafanya kitu. Ni ile zawadi ya rede."

Nikamueleza yote, sikuficha. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, maana anazo. Nilikuwa nimejitayarisha pia kwa kilio. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo umesimama mkononi, kisha akauliza, "Hata weye hunirushii?"

"Hata mie, mama."

"Hata mmoja? Hakuna hata mmoja anayenirushia?"

Nikainamia mchele. Akaweka ungo chini.

"Kwa hivyo mie msimu mzima nimecheza peke yangu," akasema. "Mnaniangalia narukaruka kama mwehu."

Nikaanza kumwambia kuwa ni heshima, kuwa ni mapenzi, akaninyamazisha kwa mkono. "Heshima nnaijua, nimekufunzeni mie. Kwenye rede sikuomba heshima." Akaenda sebuleni, akarudi na chetezo amekifuta majivu. "Toa gari. Haki ya mtu hailali kwangu."

Nikatoa gari. Kutoka Ibra mpaka njia panda ya Bidbid hakusema neno, na mama mkwe kunyamaza mwendo wote huo si jambo dogo. Chetezo alikipakata mapajani. Tukakata kuelekea Nizwa, tukapita Izki, mie nikawa nayapanga maneno yangu kichwani: nitaanza na mipira, nitakuja kwenye kuokoa, nitamalizia na msamaha. Nilikuwa na hakika kuwa jioni tutarudi na bi harusi wetu kiti cha nyuma.

Nyumba ya kwao iko kando ya mashamba ya mitende. Walitupokea vizuri, yeye na mama yake, wakatuletea tende na kahawa na halua, wakauliza habari za watu wa Ibra mmoja mmoja. Msichana amekonda. Alikaa mbali kidogo, mtandio umefika mpaka kwenye nyusi, na kila nilipomtazama akatabasamu kwa mdomo tu. Nikasema yangu. Nilisema kwa ufasaha, nakwambieni, na hesabu nikamuonesha kwenye simu: wewe hapa, sisi wengine hapa chini. Mama mkwe akanyanyuka mwenyewe akamuwekea chetezo mbele yake.

Alikitazama. Akamshika mama mkwe mikono yote miwili.

"Asante, mama. Asante, dada. Lakini sikichukui. Nyie mmekipata, kaeni nacho." Kisha kwa sauti ndogo, "Sijakasirika kwa ajili ya zawadi jamani. Nimechoka tu."

"Umechoshwa na nini?" nikauliza. Mie ni mtu wa kuuliza.

"Na Ibra," akasema, akatumiminia kahawa.

Basi tena. Tukanywa, tukatikisa vikombe kuwa tumetosheka, tukaaga. Mama yake akatusindikiza mpaka kwenye gari, nikamuona macho yamemjaa machozi. Nilijisikia vibaya, na zaidi ya vibaya nilikasirika, kwa sababu hesabu zangu zilikuwa sahihi. Nilizirudia kichwani njiani. Sahihi kabisa! Haki tumeipeleka mpaka mlangoni, ikakataliwa. Mtu anataka nini zaidi?

Mama mkwe akasema, "Hebu nipe hiyo simu. Nataka kujiona nnavyoruka."

Nikamfungulia na kumpa, nikaendelea kuendesha. Yeye masikio yake si ya zamani, akapandisha sauti mpaka mwisho. Gari likajaa Ijumaa. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuzisikia zile picha, maana kazini nilizitazama bubu.

Nikajisikia mwenyewe ninapiga kelele: "Hilo lako, wifi, kajipake kitunguu!" Na yeye akanijibu: "Ngoja zamu yangu, leo mumeo hatokujua!" Akasikika binamu mmoja: "Ruka, ruka, biriani la jana limekushuka miguuni!" Vicheko, makofi, mtu kaambiwa miguu yake ya bata, mtu kaulizwa kama kaja kucheza au kaja kuangukia watu. Kila mpira una tusi lake. Hivyo ndivyo tunavyocheza, hata sikuwahi kufikiri kuwa ni kitu.

Halafu, ghafla, kimya. Nikasikia mpira ukivuma, pwa! kwenye mchanga. Nikasikia miguu. Pwa! tena. Mchanga unaingia kwenye chupa. Hakuna anayesema neno. Nikadhani simu imeharibika.

"Nani yumo ndani?" nikamuuliza mama mkwe.

"Wa Nizwa."

Akaisogeza mbele. Kelele tele, akaingia wa Nizwa, kimya. Ijumaa nyengine, vivyo hivyo. Watu wazima, mikono juu, wanampiga mtoto wa watu kwa nguvu zao zote na midomo yao imefungwa, utadhani wanaua nyoka. Akikwepa, kimya. Akituokoa, tunaingia ndani mbio tukicheka sisi kwa sisi. Nikaliweka gari pembeni ya barabara kabla hatujaingia Izki.

"Mbona huyu hamumtukani?" akauliza mama mkwe.

"Tumtukane kwa lipi, mama? Si wifi yetu, si binamu yetu, si mjukuu wa mtu. Mtu ukimtukana sharti uwe unamjua ni nani wako."

"Mpira lakini mnampiga."

"Mpira anapigwa yeyote."

Akaisogeza mbele tena ile simu. "Na mie pia hamnitukani," akasema.

"Wewe mama!"

"Ndiyo, mie mama." Akavua miwani akaifuta kwa kanga. "Yeye anapigwa bila ya kutukanwa. Mie sipigwi wala situkanwi. Haya, niambie, weye mwenye hesabu, nani kati yetu yumo mchezoni?"

Kwenye hesabu zangu mpira wa wifi na mpira wa mgeni ulikuwa mpira mmoja, nguvu moja, alama moja, na kumbe huu mtu anautamani na ule unamfukuza mjini. Niliona uchungu. Nilimuona yule msichana anarudi nyumbani kila Ijumaa na sinia lake tupu, mwili unamuuma, hakuna aliyemwita hata bata. Nikalia pale pale, mikono kwenye usukani, na mie si mtu wa kulia ovyo.

Mama mkwe akaniacha nilie, kisha akanigonga begani. "Bibi yake aliyemlea ni mtu wa wapi?"

"Mnyamwezi. Wa Tabora."

"Mnyamwezi?" Akajipiga paja mpaka chetezo kikalia. "Mnyamwezi, nawe unanyamaza tokea mwaka jana! Geuza gari!"

"Tukafanye nini?"

"Geuza gari, nimekwambia. Watu wa pwani na Wanyamwezi watani, tokea enzi ya misafara. Ng'ambo kwetu Unguja tulikuwa na jirani Mnyamwezi, akiingia nyumbani hapigi hodi. Anafunua chungu, anabeba, anakwenda zake, na mama anabaki kucheka, maana mtani akichukua chako huna la kusema. Na tukifiwa yeye ndiye anayekuja kutuchekesha. Geuza!"

Nikageuza kwenye mzunguko wa Izki. Mtu atauliza, utani wa makabila utafanya kazi Nizwa, baina ya Waarabu wawili waliorudi kwao, kila mmoja na pasipoti yake ya Oman? Mie sikuuliza. Kwa mara ya kwanza siku ile nilijua kuwa mwenye hakika ndani ya gari si mie, na aliyekuwa nayo alikuwa nayo ya kumtosha na ya kunigaia.

Tulipofika, mama yake bi harusi akafungua mlango, akashangaa. Mama mkwe hakutoa salamu. Alimpita na chetezo chake kwapani, akapita ukumbini, akaingia jikoni moja kwa moja, mie nyuma yake natamani ardhi inimeze. Msichana alikuwa anapakua chakula. Mama mkwe akafunua sufuria lililokuwa jikoni.

"Mlenda!" akapiga ukelele. "Nilijua tu! Mnyamwezi hata umpeleke Nizwa, hata umvishe dhahabu, atautafuta mlenda wake mpaka aupate!"

Yule msichana akaganda na mwiko mkononi. "Mama, shi—"

"Shikamoo wape wenye adabu. Mie Muunguja, mtani wako, nimekuja kuchukua changu. Lete hilo sufuria."

Aliyefahamu mwanzo ni mama yake. Alikuwa amesimama mlangoni, akaanza kucheka kwa pua, kisha akakaa chini kabisa, anacheka na huku machozi yanamtoka, anasema, "Mjibu! Mjibu mwanangu, usikubali!" Msichana akamtazama mama yake, akamtazama mama mkwe, midomo inamcheza. Niliona heshima yote tuliyomfunza kwa ukimya wetu imemkaa kooni, na nilimuomba Mungu msichana aiteme.

"Nyie watu wa pwani," akaanza kwa sauti ndogo. Akaunyanyua mwiko. "Nyie watu wa pwani, jembe hamlijui, mnajua kijiko tu! Umetoka Ibra mpaka hapa kufuata mlenda wangu? Huko kwenu mmekosa urojo?"

"Ee, kumbe una mdomo!"

"Ninao! Na mlenda huupati. Na hiki," akamrukia akamnyang'anya chetezo kwapani, "hiki nimekichukua. Changu. Nenda kashtaki."

Mama mkwe akafungua mikono yake mitupu, akatutazama sote kwa furaha ambayo sikumuona nayo hata siku ya zawadi. "Jamani nimeibiwa," akasema. "Nimeibiwa na Mnyamwezi." Wakakumbatiana pale, mwiko na chetezo na vyote, na yule msichana akalia kilio kirefu cha mtu aliyekizuia msimu mzima.

Jioni ile kiti changu cha nyuma kilirudi kitupu. Alisema atakuja mwenyewe na mumewe, kabla ya Ijumaa.

Akaja. Ijumaa ya kwanza ya msimu mpya nilisimamisha simu yangu kama kawaida. Wenzangu nilikuwa nimeshawaambia habari yote, wakaona haya. Kila mmoja akawa anamzunguka bi harusi, hajui pa kuanzia. Zamu ikafika: mama mkwe katikati, kanga kiunoni, na mrushaji wa upande wa mitende ni wa Nizwa. Mpira ukamfika mkononi. Sote tukanyamaza.

Hakufikiri mara mbili. Aliuvuta mkono mpaka nyuma ya sikio akauachia, na mama mkwe, ambaye kwa miaka kadhaa hakukwepa mpira wa kweli, hata hakuuona unavyokuja. Ulimpata pajani kwa kishindo kilichosikika mpaka kwenye ukuta.

"Hilo lako, Muunguja!" akapiga kelele wa Nizwa. "Toka, nenda kakae na wazee wenzio!"

Mama mkwe akainama, kashika paja, miwani imemteremka. Halafu akanyanyuka, akaanza kutoka nje anachechemea, wa kwanza kutoka, na kila aliyempita alimshika mkono amuoneshe pale palipopigwa.

"Mmeona?" akawa anasema. "Amenipiga! Mmemuona? Amenipiga mie!"